Mikoko inakufa, maji ya mto ni mekundu: tuendelee kujitolea au tunajisumbua bure?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea kando ya ghuba ya Tanga. Wengi wetu ni kina mama wakulima wa mwani, pamoja na vijana wachache wavuvi. Tumepanda mikoko misimu mitatu mfululizo na karibu yote imekufa. Kila mwezi tunasafisha ufukwe, mwezi ukifuata taka ziko palepale. Ikinyesha mvua kubwa, Mto Zigi unaleta maji mekundu na mwani wetu unajaa tope. Tukilalamika tunajibiwa kwamba kikundi chetu hakina mamlaka. Wanachama wanachoka. Juzi amekuja mtu akatuambia mikoko ina hela za kaboni. Tuendelee, au tunajisumbua bure?

JIBU: Dada Katibu, poleni na kazi. Nikupe jibu mapema ili usilitafute huko mbele: msiache, ila mbadilishe kazi. Kupanda miche na kuokota taka ni shughuli zinazopendeza kwenye picha, na kila anayefika pwani na fulana za kampeni huwapa watu kazi hizohizo. Iko kazi nyingine ambayo hakuna ofisi wala mradi unaoweza kuwafanyia, nayo ni kujua maji yenu yanatoka wapi, yanabeba nini na wakati gani, na kuyaandika hayo bila kukatiza. Kwa barua yako, hiyo bado hamjaianza. Mkiianza, hata mikoko na taka mtazitazama kwa macho mengine.

Tuufuate mto basi. Zigi huanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, hushuka kupitia Muheza, hukingwa kwenye bwawa la Mabayani ambalo ndilo linalowanywesha watu wa Jiji la Tanga, kisha hupita Amboni na kuingia baharini. Rangi nyekundu mnayoiona ni udongo wa mashamba ya milimani. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto, au likilimwa kwenye mteremko bila matuta, au likichomwa moto kabla ya vuli, mvua ya kwanza huondoka na ngozi ya juu ya ardhi. Barabara za udongo zisizo na mifereji nazo zina mchango mkubwa ambao watu husahau kuutaja. Halafu kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wamekuwa wakifukua vijito vya Usambara Mashariki, wakifukuzwa na kurudi. Mchanga mzito hutuama bwawani, lakini udongo laini hautuami kwa urahisi, na wakati wa mafuriko huvuka na maji hadi kwenu.

Ukifika baharini, udongo huo hufanya mambo mawili. Huzuia mwanga usifike chini, na mwani, nyasi bahari na matumbawe vyote huishi kwa mwanga. Kisha hutua juu ya vitu. Tumbawe hulazimika kutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua, na tope likizidi hufa. Mwani uliofunikwa vumbi la udongo huota vijani vingine juu yake, hupungua ubora, na mnunuzi anaukataa au anashusha bei.

Hapa nikutahadharishe, maana nimeona vikundi vikiharibu hoja zao kwa kuutwisha mto kila balaa. Si kila mwani unaokufa umeuawa na tope. Mwani ukigeuka mweupe, ukalainika na kukatika vipande wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, jua likiwa kali na maji yakiwa ya moto kwenye kina kifupi, hilo kwa kawaida ni joto. Kati ya aina mbili za mwani zinazolimwa, kottoni huathirika haraka kuliko spinosamu, na nyinyi wenyewe mnajua hivyo. Mwani unaoharibika wakati wa masika, siku chache baada ya mafuriko, una wasiwasi wa aina nyingine, kwa sababu mto hauleti tope tu, huleta pia maji baridi mengi yanayopunguza chumvi ghafla. Kwa hiyo kabla ya kumnyooshea mtu kidole, muwe na daftari linaloonyesha tarehe mwani ulipoharibika, ulionekanaje, mvua ilinyesha lini, na mto ulikuwaje. Msimu mmoja wa daftari hilo utawapa hoja ambayo malalamiko ya miaka kumi hayawezi kuwapa.

Kuhusu kupima maji, habari njema ni kwamba kipimo bora cha uangavu wa maji ni cha bei ya chini kabisa. Mwaka 1865 padri na mwanaastronomia wa Italia, Angelo Secchi, alishusha bamba la duara baharini kwa kamba akaangalia linapotelea kwenye kina gani. Wataalamu wa bahari na maziwa wanalitumia mpaka leo. Chukueni bati au kifuniko kigumu chenye upana wa sentimita 20, kigaweni robo nne, mpake nyeusi na nyeupe kwa kupishana, mfunge kizito kwa chini na kamba yenye alama kila sentimita 10. Mnashusha kutoka kwenye ngalawa, upande wa kivuli, karibu na saa sita mchana, mpaka bamba lisionekane. Mnasoma kamba, mnapandisha taratibu mpaka lionekane tena, mnasoma mara ya pili, mnachukua wastani. Basi.

Ugumu uko kwenye nidhamu. Pimeni sehemu zilezile kila mara, tuseme moja karibu na mdomo wa mto, moja kwenye mashamba ya mwani, na moja mbali ambako maji ya mto hayafiki. Hiyo ya tatu ndiyo itakayowanyamazisha wabishi, kwa sababu inaonyesha bahari ilivyo bila mto. Andikeni kama ni bamvua (maji yanapojaa na kukupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kukupwa kidogo), na kama maji yanajaa au yanakupwa, kwani maji yakikupwa mdomo wa mto huwa mchafu zaidi hata kama huko juu hakuna kilichobadilika. Kama bamba linafika chini na bado mnaliona, andikeni hivyohivyo, “limefika chini”, msibuni namba. Namba moja ya uongo ikigundulika, daftari zima halina thamani.

Watu wa Tanga si wageni wa kazi hii. Mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga ulioanza mwaka 1994 uliwafundisha wanavijiji kuhesabu samaki na kukagua miamba, na vijiji vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba na kulinda doria. Wazee walioshiriki bado wapo katika vijiji vya ukanda huo. Watafuteni, kaeni nao. Watawaeleza kilichofaulu, na zaidi watawaeleza kilichokufa fedha za mradi zilipokwisha, ambalo ndilo somo mnalolihitaji.

Sasa twende mlimani. Huko juu kuna wenzenu ambao huenda hamjawahi kukutana nao. Wakulima wa bonde la Zigi wana umoja wao uitwao UWAMAKIZI, Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi. Kazi yao ni kurudisha kingo za mito, kupanda miti, kupiga matuta, na kuwashawishi majirani waache kulima hadi majini. Wengi wanaegemea viungo kama iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, mazao ambayo mengine hustawi kivulini na hayahitaji ardhi ifukuliwe kila msimu. Mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, imekuwa ikiwaunga mkono, na sababu yake si huruma. Maji yenye tope ni ghali kuyasafisha: shabu nyingi zaidi ya kutuliza tope, vichujio vinaziba, na bwawa linajaa udongo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya kazi zinazojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu ya maji, ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Aliyekopa kwa jina la kijani ana kila sababu ya kutaka chanzo chake kiwe salama, na ana kila sababu ya kumsikiliza mtu mwenye vipimo.

Kwa hiyo ombeni mkutano, lakini angalieni mnavyoingia. Mkipanda kwenda Muheza na kuwaambia wakulima “mnatuulia mwani”, mtarudi mikono mitupu. Mkulima wa mlimani hajawahi kuuona mwani wenu. Udongo unaoondoka ni mali yake, umempotea kabla ya kuwafikia nyinyi, na hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Waalikeni wachache washuke wakati wa masika waone rangi ya bahari, nanyi mpande mlimani wakati wa kiangazi mwone mteremko wanaoulima. Nimeona ziara kama hizi zikibadilisha watu kuliko warsha za hotelini, na gharama yake ni nauli na chakula cha mchana. Mwambieni pia mwenyeji wenu awaonyeshe mahali ambapo kazi yao imeshindikana. Mkionyeshwa mafanikio matupu, hamjatembezwa vizuri.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametengeneza njia ya kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu wanaoishi chini ya mawe majini. Inaitwa miniSASS, na imewaweka viumbe hao katika makundi 13, kuanzia wanaokufa maji yakichafuka kidogo hadi wanaostahimili hata maji ya mtaro. Wanafunzi wa shule wanaiweza. Kama wenzenu wa juu watapima wadudu na nyinyi mkapima uangavu, mto mzima utakuwa na mashahidi wa pande mbili.

Nirudi kwenye mikoko, kwa sababu najua ndiyo iliyowavunja moyo. Hukuniambia mlipanda aina gani na wapi, lakini misimu mitatu ya vifo kwa kawaida ina maelezo mamoja: miche ilipelekwa mahali ambapo mikoko haikuwa ikiota. Watu hupanda mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama fimbo, kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Na huchomeka kwenye uwanda wa matope ulio wazi mbele ya bahari, kwa sababu pako wazi na hapana mwenyewe. Uwanda ule uko wazi kwa sababu maji hukaa muda mrefu mno. Mbele kabisa, upande wa bahari, husimama mlilana. Mkoko huwa nyuma yake. Msinzi na mkandaa huenda ndani zaidi, na mchu huweza kuwa pande zote mbili, hata kwenye mchanga wa juu wenye chumvi kali. Kila mti una saa zake za kuvumilia kufunikwa na maji. Ukiukosea, mche utaishi mwezi mmoja au miwili kwa akiba iliyomo kwenye mbegu, mtafurahi, mtapiga picha, kisha utakufa.

Si nyinyi peke yenu. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, Sri Lanka ilipandwa mikoko kwa kishindo. Watafiti walipokagua maeneo 23 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, katika maeneo tisa hawakukuta hata mti mmoja ulio hai. Sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo ya mahali pasipofaa. Kwa upande mwingine, huko Florida mtaalamu Roy Lewis alisimamia ufufuaji wa mamia ya hekta za mikoko katika eneo la West Lake kwa kurekebisha usawa wa ardhi na kufungua njia za maji. Mbegu zikaja zenyewe na mkondo.

Kwa hiyo msimu huu msipande. Zungukeni ghuba yenu mkiuliza maswali ya kipolisi: hapa palikuwa na mikoko zamani? Nani anakumbuka? Kwa nini haijarudi yenyewe? Mahali penye miti mama jirani na maji yanayoingia na kutoka, mikoko hurudi bila kuombwa. Isiporudi, kuna kinachoizuia, na kwenu mara nyingi huwa ni tuta la shamba la chumvi lililoachwa, barabara iliyoziba kijito, mbuzi wanaokula mchu, au watu wanaokata miche kwa kuni. Kuondoa kizuizi hicho ndiko kupanda mikoko kwenyewe. Shimo moja lililofunguliwa kwenye tuta la zamani la chumvi linaweza kuwafanyia kazi kuliko miche elfu tano. Ila msilifungue kimyakimya. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mkichimba au hata mkipanda bila wao kujua, siku ya ugomvi mtakuwa wakosaji. Nendeni kwa ofisa wao, mwambieni mnachokiona, mwombe atembee nanyi.

Na kama baada ya uchunguzi huo bado kuna sehemu inayohitaji kupandwa, pandeni wakati wa maji mafu ili miche ipate siku chache za kushika kabla ya bamvua. Tumieni mbegu za aina inayoota jirani kabisa, kwenye usawa uleule. Na toeni viriba vya plastiki! Nimeshachoka kukuta mikoko iliyokufa ikiwa bado imevaa mfuko.

Taka nitazipitia kwa haraka. Kusafisha ufukwe hakupunguzi taka, ila kunaweza kuonyesha zinakotoka kama mtazihesabu. Mara mbili au tatu kwa mwaka, zitengeni kwa aina kabla ya kuzipeleka dampo: chupa za maji, kandambili, nyavu na kamba, nepi, vifungashio, na mifuko laini ambayo imepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini hamtakosa kuiona. Kama nyingi ni za majumbani na zinaongezeka baada ya mvua, tatizo liko kwenye mtaro fulani wa mjini, na mnaweza kuutembea mtaro huo kwa miguu mpaka mfike kwenye jalala linalouzalisha. Kama nyingi ni nyavu, mzungumze na wavuvi wenu wenyewe.

Sasa hili la mamlaka, maana limewaumiza. Aliyewaambia kikundi chenu hakina mamlaka amesema kweli nusu. Kikundi kilichosajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii kinaweza kufungua akaunti na kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, lakini hakiwezi kumzuia mtu kuvua wala kulima. Mamlaka hayo yako kwenye vyombo vingine ambavyo sheria inaviruhusu viundwe na watu wa kawaida kama nyinyi. Kwa upande wa bahari kuna BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukwe, kinachotambuliwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Kwa upande wa mto kuna jumuiya ya watumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, inayosajiliwa na Bodi ya Maji ya Bonde. Zigi iko ndani ya eneo la Bodi ya Bonde la Pangani, bodi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyoanzishwa mwaka 1991. Watu wa pwani mara nyingi hawajui kwamba bodi hiyo inawahusu pia, kwa kuwa jina lake linawafanya waione ni ya watu wa Pangani na Moshi.

Ushauri wangu ni kwamba msianzishe chombo kipya. Ulizeni kama mtaa au kijiji chenu kina BMU, hata kama imelala, muingie ndani yake na mgombee nafasi. Wanawake wa mwani wana haki ya kuwemo, ingawa wanaume wengine hujifanya BMU ni ya wenye vyombo vya kuvulia tu. Tena angalieni kama mko kwenye kijiji au kwenye mtaa, kwa sababu kuna tofauti kubwa: kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kupitia mkutano wake na kuzipeleka halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo, sheria ndogo hutungwa na Halmashauri ya Jiji. Mkiwa mtaani, diwani wenu ndiye mlango, na msimwonee haya.

Kuna jambo moja la sheria ambalo halihitaji chombo chochote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari, na inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kuidai. Kwa hiyo barua yenu ya malalamiko ina miguu ya kusimamia. Iwe fupi: mahali, tarehe, picha, namba za bamba lenu, na ombi moja tu. Nakala iende kwa ofisa mazingira wa Jiji, Bodi ya Bonde na Tanga UWASA. Mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala yenu. Bila muhuri wa kupokelewa, barua hiyo haikuwahi kuandikwa.

Kuhusu kukamata watu, hasa wavuvi wa baruti: hapana. Baruti ilipungua sana pwani yetu kuanzia mwaka 2016 na kuendelea, baada ya vyombo kadhaa vya dola kufanya kazi pamoja, na ilipungua kwa upelelezi na kesi, si kwa kina mama kusimama mbele ya mashua. Kazi yenu ni kusikia na kuandika: saa ngapi, upande gani, milipuko mingapi. Mnaweza pia kuangalia samaki sokoni. Samaki wa baruti huwa laini, uti wake wa mgongo umevunjika, na ukimpasua unakuta damu imevuja ndani. Taarifa hiyo mpeni ofisa uvuvi au polisi kwa simu, na mpange mapema nani atapiga simu, ili jina la mtu mmoja lisisambae mtaani.

Ulitaja kaboni, yaani fedha zinazolipwa kwa kulinda miti inayofyonza hewa ya kaboni. Mfano wa kweli ulio karibu ni mradi wa Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kwale, upande wa Kenya. Wanalinda hekta 117 za mikoko, wameuza hewa ya kaboni tangu muongo uliopita, na fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni. Mtu akikupa mfano huo, mkumbushe mambo mawili. Utafiti wa mikoko ya Gazi ulikuwa umeanza tangu miaka ya 1990, chini ya wanasayansi kama James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, kwa hiyo hesabu za kaboni zilipofika, msitu ulikuwa unajulikana mti kwa mti. Na kinacholipwa zaidi ni msitu uliosimama kulindwa usikatwe. Miche iliyokufa haimlipi mtu. Tanzania ina kanuni zake za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022, na kwa kuwa mikoko ni ya Serikali Kuu, hakuna mkataba halali mnaoweza kusaini wenyewe bila TFS. Msisaini karatasi yoyote. Mtu huyo akiwaomba ada ya kujiandikisha, mwonyesheni njia ya kituo cha basi.

Kinachoweza kuleta faida ya haraka ni kufunga mwamba wa pweza, kama mnao nje ya ukanda wa tope. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu. Ukifunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, siku ya kufungua watu huvuna pweza wakubwa kwa uzito na bei. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004, na sasa njia hiyo iko hata Kisiwa Panza, Pemba. Faida yake kubwa kwa kikundi cha kujitolea ni kwamba watu wanaona matokeo kabla hawajachoka. Lakini wanaookota pweza kwa miguu, ambao wengi ni wanawake, wawe ndio wanaokubaliana mahali na siku. Mkiwafungia bila kuwauliza, mtakuwa mmewanyang'anya mboga ya usiku huo.

Nimalizie na uchovu wa wanachama, ambao nadhani una sababu moja ndogo mliyoipuuza. Tazameni kalenda yenu. Bamvua ndiyo siku za mwani: maji yanakupwa mbali, kila mama yuko shambani anafunga mbegu au anavuna, na siku hizo hazirudi mpaka wiki mbili zijazo. Kama usafi au kikao cha kikundi kinawekwa siku ya bamvua kwa sababu ndiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mnamtaka mtu achague kati ya bahari na ada ya shule ya mwanawe. Hamisheni kila shughuli ya kikundi iwe siku za maji mafu. Kisha gawaneni kazi, kwa sababu si lazima wote wafanye yote. Watu wanne wanatosha kwa bamba la kupimia, wawili wawe wa daftari, mmoja wa barua na mihuri, na waliobaki waitwe mara mbili au tatu kwa mwaka pale panapohitajika mikono mingi. Wanaopima walipwe mafuta ya ngalawa na vocha ya simu kutoka kwenye mfuko wa kikundi, hata kama ni shilingi chache, na mahesabu yasomwe hadharani kila kikao.

Bamba liwe tayari kabla ya masika, kwa sababu vipimo vya maji safi ya kiangazi ndivyo mtakavyovilinganisha na vya mafuriko. Mkipata msimu mmoja kamili, niandikie tena na uniletee namba.